Mbuzi Aliyemkataa Mwanawe

Kwa mama mkwe wangu uchafu haulali. Uwanja unafagiliwa kabla jua halijachomoza, masufuria yanasuguliwa kwa majivu mpaka yang'ae, na mtoto akizaliwa mtaani kwetu Zinga, yeye ndiye anayeitwa kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Mikono yake naiheshimu. Lakini siku mbuzi wake alipozaa, mikono hiyohiyo ilitutia matatani.

Nilikuwa shuleni nafundisha baiolojia, mvua ya masika inapiga bati hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Mbuzi alikuwa mchanga bado, huo ndio uzao wake wa kwanza, akazalia kwenye tope nyuma ya banda. Mama akamwona mwanambuzi anatetemeka, amegubikwa na ute na damu, roho ikamuuma. Akamnyakua kabla mama mtu hajamgusa hata kwa ulimi. Akampeleka jikoni, akamwogesha kwa maji ya moto na sabuni, akampaka mafuta ya nazi, akamfukiza ubani, akamviringisha kanga kuukuu. Kondo la nyuma akalifukia chini ya mnazi. Ndivyo anavyofanyiwa mtoto wa mtu, na yeye hakuona sababu ya kubagua.

Nilirudi alasiri, hata shikamoo yangu haikumaliziwa kuitikiwa.

"Marahaba, marahaba. Njoo uone balaa, mwanangu."

Mwanambuzi alimsogelea mama yake, ananukia kama bibi harusi. Akapigwa pembe, akabiringika. Akainuka, akasogea tena, akapigwa tena. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amekunja uso.

"Mbuzi anayemkataa mwanawe ana mkosi," akasema. "Kesho asubuhi anachinjwa, na hiki kitoto kitakufa chenyewe. Mama gani huyo anamfukuza aliyemzaa?"

Mama aliinama, akaokota kijiti, akakivunja. "Hachinjwi."

"Lakini mama..."

"Nimesema hachinjwi!"

Sikuwahi kumsikia akimjibu mwanawe vile. Ni mtu wa kumbembeleza, anamwekea kipande kikubwa cha samaki, akikohoa tu anamuuliza mara tatu kama ni mzima. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe umesoma. Fanya kitu."

Ukinambia mimi "fanya kitu", basi yamekwisha, silali mpaka nimefanya. "Kama kesho asubuhi bado anampiga, nachinja," mume wangu akasema, akarudi dukani kwake barabarani. Nenda salama, baba. Mimi na wewe tutaonana hiyo kesho.

Kwanza tulimshika mbuzi, tukamkamua dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, tukamnywesha mwanambuzi kwa kijiko asije akafa mikononi mwetu. Kisha nikachukua jembe. Mama akaduwaa.

"Unakwenda wapi na jembe?"

"Kulifukua kondo."

"Lahaula! Kitu kimeshafukiwa!"

"Kitafukuliwa."

Nikalifukua, nikalisuuza mchanga, nikamsugua nalo mwanambuzi kichwa mpaka mkia. Mama aliyetoka kumwogesha kwa sabuni asubuhi ilibidi amshike nikimchafua upya, na uso aliokuwa nao Mungu anaujua. Tukamrudisha bandani. Mbuzi akanusa. Akanusa tena. Nikashika pumzi. Halafu, pa! Pembe.

Nilimtukana yule mbuzi matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Likabaki jambo moja. Nilikuwa nimelifundisha darasani miaka na miaka, na wafugaji walilijua kabla vitabu vyangu havijaandikwa, ila mwenyewe sikuwahi kulifanya. Nilimweleza mama huku nakata kucha. Mbuzi hamjui mwanawe kwa macho wala kwa hisani. Anamjua kwa harufu, na harufu hiyo anajifunza muda mfupi tu baada ya kuzaa. Kabla ya hapo ule ute unamkirihisha. Mtoto anapopita na kuitanua njia ya uzazi, habari inapanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na ubongo unamwaga homoni iitwayo oksitosini. Hapo ndipo kilichokuwa kinanuka kinanukia, na mama anaanza kulamba. Anamlamba mwanawe, anamshika harufu, basi, huyo ni wake. Akikosa kumpata saa zile, mlango unafungwa. Akiletewa baadaye, kwake ni mtoto wa watu.

"Kwa hiyo nimemharibu mimi," mama akasema.

"Ulimwogesha kwa huruma, yamekwisha. Mlango tutaugonga tena."

Nikanawa mpaka viwiko, nikavaa glavu, nikajipaka mafuta ya nazi. Mama akamshika mbuzi kichwa. Nilipoingiza vidole kule nyuma, taratibu, na kuanza kuitanua ile njia kama inavyotanuliwa na mtoto, mama akapiga ukelele. "Astaghfirullah! Mwalimu! Watu wakituona?"

"Watuone! Shika kichwa!"

Mbuzi akakaza mgongo, akasukuma, akadhani anazaa tena. Niliendelea mpaka mkono ukafa ganzi, jasho linaniingia machoni. Kisha nikatoa mkono, nikamvuta mwanambuzi mbele ya pua yake, nimempaka ute uliotoka na mkono wangu.

Hakupiga pembe. Alitoa sauti ndogo, nzito, mdomo umefumba, sauti ambayo hakuitoa siku zote tulizomfuga. Akamlamba sikio. Akamlamba jicho, shingo, mgongo, akamlamba mpaka mafuta ya nazi na ubani vikaondoka. Mwanambuzi akajipenyeza chini yake, akapata chuchu, kimkia kikaanza kutikisika mbio. Nikapiga kigelegele peke yangu bandani. Nilifurahi, wallahi, kuliko siku niliyopokea cheti.

Nilipogeuka, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, analia.

"Na mtu je?" akaniuliza.

"Mtu vipi, mama?"

"Huyu mumeo."

Niliambiwa tangu nilipoolewa kwamba mume wangu miaka yake ya mwanzo alilelewa na shangazi yake Mlingotini kwa sababu mama yake aliugua. Hayo tu, na hakuna aliyeongeza neno.

"Nilipomzaa nilishikwa na homa, sijijui. Wakamchukua hata uso sijauona. Baada ya arobaini wakaniletea. Nikamtazama, sikusikia kitu, mwanangu. Kama mtoto wa jirani. Nikawaambia mrudisheni. Wakasema nina shetani, wengine wakasema nina roho mbaya. Nami nikaamini."

Nilivua glavu, nikakaa chini kwenye samadi, nikamshika magoti. Nikamwambia ukweli ninaoujua, sikuupamba. Kwamba binadamu si mbuzi, mlango wetu haufungwi kwa saa chache. Kwamba wako wanaompenda mtoto siku ya kwanza na wako wanaochelewa, na mzazi aliyeugua akili yake nayo huweza kuugua, na siku hizi angepelekwa kwa daktari badala ya kusimangwa. Lililompata yeye hasa sikulijua, sikuwepo.

"Lakini mwenye roho mbaya hamtetei mbuzi, mama."

Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Utamwambia mumeo."

"Mimi? Simwambii. Utamwambia mwenyewe, tena leo."

Mume wangu alirudi karibu na magharibi. Akachungulia bandani, akaona mwanambuzi amelala ubavuni mwa mama yake, akacheka. "Kumbe mwalimu mganga! Haya, umeshinda." Akageuka kwenda kutawadha.

"Kaa," mama akamwambia.

"Niswali kwanza, mama."

"Utaswali. Kaa."

Akakaa. Mama akamwambia yote, bila kupunguza, hata lile neno "mrudisheni" akalisema. Nilimtazama mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, akizungusha funguo za duka kidoleni. Nikataka kusema mimi. Nikajizuia, na kwangu hiyo ni kazi.

Hatimaye akauliza, "Ulinipenda lini?"

"Uliposhikwa na surua. Shangazi yako akakuleta unaungua. Nikalala nawe kitanda kimoja, nikakunusa utosini." Mama akaikaza kanga yake. "Asubuhi alikuja kukuchukua, nikafunga mlango."

Mume wangu akavua kofia yake, akamwinamishia mama yake utosi.