Kivuli Kilichobaki Kisimani

Nilipokuwa mtoto kule Ziba, tuliambiwa kwamba mtu akipatwa na jambo la kutisha kupita kiasi, kivuli chake hubaki palepale, naye hurudi nyumbani mwili mtupu. Nilimwona dada yangu Kabula akirudi hivyo.

Kiangazi kile watu walichimba visima kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kabula na rafiki yake Mbuke walishuka ndani ya kimoja kuchota maji, kingo zake zikaporomoka. Kabula alitolewa akiwa hai. Mbuke alitolewa jioni, maiti.

Tangu siku hiyo dada hakutaka kugusa maji, hata ya kunawa. Jembe likigonga jiwe, kama siku ile walipomfukua, alijikunja ukutani. Bibi akasema kivuli chake kiko kisimani, lazima kikaitwe. Wajomba wakamshika, wakampeleka, bibi akaliita jina lake juu ya lile shimo. Kabula alipiga yowe moja, akaanguka. Baada ya hapo hakusema tena.

Baba akaamua kumpeleka hospitali, na mimi nikafuatana nao kwa sababu dada hakukubali kwenda bila mimi. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikaa naye chini kwenye mkeka. Alimuuliza polepole kama anapata usingizi, kama tukio lile humrudia hata mchana, kama kuna mahali anapaogopa. Kabula aliitikia kwa kichwa tu. Kisha muuguzi akamuuliza kama anajilaumu.

"Nilikuwa nimemshika mkono," dada alisema, mara ya kwanza tangu lile yowe. "Nikamwachia ili nipande."

Baba akatoka nje. Muuguzi akasema, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Utakuja tena tuongee." Kabula akaenda tena na tena, kwa miezi mingi.

Bibi alipoelezwa, hakugusa ugali wake mpaka ukapoa. "Mimi nilimwita," akasema. "Sikumuuliza."

Siku hizi Kabula anauza vitenge mjini, mtaa wa Ng'ambo, ana mume na watoto, na hucheka. Lakini zipo siku hafungui duka, na mumewe amejifunza kutomharakisha. Nami, kwa umri huu, siwezi kumcheka bibi. Aliona sawasawa kwamba kuna sehemu ya mtu iliyobaki kule chini. Hakujua tu kwamba hairudishwi kwa kuburuzwa. Dada yangu alirudi kidogo kidogo, na hakurudi kamili.