Uso Nilioupaka Mafuta

Siku ya Idi iliyopita mjukuu wangu alinipiga picha thelathini, hata chai haijapoa. Sisemi uongo, alihesabu mwenyewe. Alinivuta begani, akanyoosha mkono mbele na ile simu yake, akabenua midomo kama samaki aliyetolewa majini, akaniambia, "Bibi, cheka." Nikacheka. Akatazama, akasonya. "Umefumba macho. Hii naifuta." Na akaifuta kweli mbele yangu, kwa kidole kimoja, huku anatafuna mkate wa sinia.

Nikamwambia, "Wewe, uso wangu unaufuta kama makombo ya meza?"

"Si ziko nyingine, Bibi! Selfi tu hii."

Selfi tu. Nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu, Munje nzima, kijiji chetu hiki kando ya Msambweni, inajua. Mjukuu akadhani nimechoshwa na wageni. Sikuchoka. Nilikuwa nimerudi jikoni kwa nyanya, mama wa baba yangu, miaka ile ya hamsini, meno yangu ya mbele yameng'oka, na nimeshika karatasi moja mkononi.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa, maana wewe huenda ulizaliwa simu iko kitandani. Kwetu hapakuwa na mtu aliyeijua sura yake vizuri. Kioo kilikuwa kimoja, tena kipande tu, upana wa kiganja, kimekandikwa kwenye udongo wa ukuta. Ukitaka kupaka wanja unaliona jicho moja. Ukitaka la pili, unasogea. Mtu mzima alikuwa anakufa hajapata kujiona kwa ujumla. Wala hatukuona ni upungufu. Ulivyo waliokuambia ni wenzio: "Leo umependeza," ama, "Mbona umekaa kama kuku aliyenyeshewa?" Nawe ukaamini.

Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka. Alisuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, amekaa, alisuka akitembea, alisuka huku ananisikiliza nikisoma sura za Kurani nilizofundishwa chuoni, na nikikosea ananipiga na ncha ya ukili bila kuinua macho. Ncha za vidole vyake zilikuwa zambarau kwa ile rangi ya kutilia ukili. Harufu za jiko lile ninazo mpaka leo: majani ya ukili yanayochemka rangi, nazi inayokunwa, moshi wa makumbi ya nazi. Alhamisi alasiri alinipeleka kisimani, akanisugua mpaka nikapiga kelele, kisha akanipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, toka utosini mpaka nyayoni. "Kikavu hufa," alikuwa akisema. "Kilichopakwa hudumu." Na nyumbani kwetu kila kitu kilipakwa: nywele, ngozi, mpini wa jembe, mbao za kitanda. Mimi nikalishika neno lile kama aya.

Mwaka huo mama alikuwa mja mzito. Watoto wawili alikwisha kuwazika kabla hawajajua kukaa. Siku moja tunachambua mchele, akamwambia nyanya, "Mama, mimba hii sina imani nayo."

"Funga kinywa chako," nyanya akasema. "Maneno huumba."

Ndipo, wakati wa Maulidi, mpiga picha akaja Msambweni. Alikuja na sanduku la mbao lenye miguu mitatu, ndoo ya maji na kitambaa cheusi. Alipoingiza kichwa ndani ya kitambaa kile, wanawake wakafa kwa kicheko. "Mtazameni, mwanamume kavaa buibui!" Naye akajibu kutoka humo ndani, "Basi nanyi vueni lenu tuonane!" Jirani yetu akamkemea, "Shika adabu yako, wewe!" lakini huku anasogea mbele apate kuona.

Nyanya alikataa katakata. Picha ni kivuli cha mtu, alisema, na nyumba yenye picha malaika hawaingii. Mama, ambaye sikuwa nimepata kumsikia akimjibu mkwewe, siku ile alimjibu. "Mama, nikifa, mtoto huyu atanijua kwa kitu gani?" Nyanya akalitazama lile tumbo. Kisha akasema, "Basi karatasi hiyo isilale ndani. Itakaa jikoni, na kuku."

Malipo yetu yalikuwa mkeka, wa miraba, mama alikuwa ameusuka kwa miezi mitatu. Mpiga picha akaupenda, akautundika pale pale uwe nyuma ya kila anayepigwa picha. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akampa mama ajifunge. Kila mwanamke aliyekaa alipewa saa ile ile. Siku hiyo nusu ya wanawake wa Msambweni walipigwa picha na saa moja, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuisoma. Nikataka kukaa mapajani kwa mama. "Mtoto pembeni," mpiga picha akasema, "atatikisika aniharibie." Nikakaa pembeni, nje ya picha. Mama akaweka mkono kifuani ili saa ionekane, akatulia kama jiwe la kisima.

Karatasi ilipotoka ndoani, mama aliishika kwa ncha za vidole, maji yanachuruzika. Akatazama, akatazama. "Kumbe nina shingo," akasema. Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza kujiona yote pamoja, na alikuwa mtu mzima mwenye makaburi mawili nyuma yake.

Akaifunga ndani ya kitambaa, akaichomeka kwenye makuti ya paa la jikoni, juu ya kichanja cha samaki.

Hata miezi miwili haikutimia. Mtoto alitoka amekufa asubuhi, na mama akamfuata kabla ya adhuhuri. Mimi nilipelekwa kwa jirani kukuna nazi. Nikakuna nazi kumi na mbili, vidole vinatoka damu, najivuna kwamba leo nimeaminiwa kazi ya wakubwa. Hakuna aliyeniambia kwamba wali huo ulikuwa wa matanga ya mama. Uso wake sikuonyeshwa. Walisema ningeota vibaya.

Alhamisi ya kwanza baada ya matanga hapakuwa na mtu wa kunipaka mafuta. Nikapindua kinu, nikapanda juu yake, nikaitoa picha. Pembe zilikuwa zimejikunja kwa joto la jiko, na moshi ulikwisha kumtia mama masizi usoni. Nikaona anakauka. Nikafanya alivyonifundisha. Nikalowesha pembe ya kanga, nikamwosha uso. Nikachovya kidole katika mafuta ya nazi, nikampaka. Akang'aa! Jamani, aling'aa, kama anataka kusema.

Basi kila Alhamisi nikawa namwosha na kumpaka, taratibu, kidole kinazunguka mashavuni mwake kama chake kilivyozunguka mashavuni mwangu. Nyanya alinikuta mara moja. Akageuka, akachochea moto. Na angesema nini? Hakuna mtu kwetu aliyekuwa amepata kutunza picha. Nani angejua kwamba karatasi ile haifi kwa ukavu, inakufa kwa maji na mafuta na kidole cha mtoto? Jicho moja lilipofifia, nikazidisha mafuta. Mende wakafuata mafuta. Mdomo ukaenda, nikazidisha tena. Mpaka masika yanaanza, uso mzima ulikuwa doa jeupe, laini, kama yai lililomenywa. Nilikompenda zaidi ndiko kulikotoka kwanza. Sehemu nisizozigusa zilibaki safi: mkeka, mkono, na ile saa. Saa ilionekana hata mishale.

Nikampelekea nyanya. "Nyanya, mama kaenda wapi?"

Akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii haina mtu sasa," akasema, akaitia motoni. Nadhani alitaka kunipunguzia uchungu. Kwa mafuta niliyoyapaka, iliwaka vizuri sana.

Jirani alinikuta nalia, akanishika kidevu. "Nyamaza, mwanangu. Ukitaka kumwona mama yako, jitazame wewe." Maneno hayo niliyaweka kama akiba. Nimelea watoto saba, hakuna aliyekwenda kuomba kwa mtu, nyumba hii niliyokaa nimeijenga kwa mikeka yangu, na siku zote nilijua kwamba nikizidiwa, mama yuko, yuko usoni mwangu.

Juzi nikamwambia mjukuu anifundishe. Akanionyesha pa kubonyeza. Asubuhi, peke yangu barazani, nikavua ushungi, nikanyoosha mkono kama wafanyavyo wao, nikajipiga. Nikavaa miwani nikamtafuta mama.

Nikamkuta nyanya. Pua ya nyanya, taya la nyanya, ule mdomo wa nyanya uliozoea kukataa. Mama alikufa hana unywele mmoja mweupe. Kitinda mimba wangu leo ni mkubwa kuliko yeye. Uso wa umri huu hakuufikia, basi atakuwamo vipi? Labda alikuwamo zamani, nilipokuwa kijana, na siku hizo nilikuwa na kile kipande cha kioo, jicho moja, kisha la pili. Wa kumuuliza sina. Nyanya na jirani wako chini ya mchanga. Jiko lile sasa ni ua wa mtu mwenye ukuta na mbwa.

Mjukuu ana huruma, ameniambia nisikate tamaa, huenda wapiga picha wa zamani walibakiza nakala, huenda ziko kwenye sanduku la mtu Mombasa, ataulizia huko mtandaoni. Nimemwambia asihangaike. Wakimletea hizo picha, atanipangia mezani wanawake ishirini wa Msambweni, vijana, wazuri, kila mmoja na mkeka wetu nyuma yake. Mimi nitatazama mkono kwanza, maana ndio ninaoukumbuka. Na wote wamevaa saa ile ile.