Karatasi ya Mahudhurio

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Futi, kwa sababu kamba ya kupimia haimtoki shingoni hata msibani. Siku naolewa alinitazama juu mpaka chini, akasema mbele ya wageni kwamba kaka yake amenunua kitambaa kifupi. Nikamjibu kwamba kifupi hakiburuzi matope. Tangu siku hiyo tunataniana, na tangu siku hiyo nampenda, ingawa mdomo wake ungeweza kutoboa viatu.

Mumewe alimwachia mimba na cherehani ya kukanyaga, akaondoka zake. Futi alijifungua katika zahanati yetu, kwenye chumba chenye vitanda viwili, usiku wa mvua, bati likivuja juu ya kitanda cha dirishani, muuguzi akimzalisha kwa mkono mmoja na kusogeza beseni kwa mguu. Maji yalibebwa kwa ndoo kutoka nyumbani kwa huyo muuguzi. Miaka ishirini na mitatu imepita, na maji bado yanabebwa kwa ndoo. Hicho chumba ndicho kilichomfanya wifi yangu awe msumbufu. Kila kikao cha mtaa alisimama kukisema: bati linavuja, bomba halina maji, kitanda kimoja kimefungwa kwa kamba. Viongozi walikuwa wakimwona anainuka wanaanza kutazama saa.

Mwaka huu binti yake akapata mimba ya kwanza. Ilipofika mwezi wa nne, tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Baraza la mji limetenga fedha kwa ajili ya mtaa wetu, na wananchi wote wanaalikwa kutoa maoni juu ya ujenzi wa bustani ya mapumziko. Futi alilisoma akiwa na pini mdomoni. Alizitema zote.

"Mapumziko ya nani, wifi? Nani hapa amewahi kuchoka akatafuta bustani?"

Alifunika cherehani siku tatu. Sare za shule zikalala, wateja wakafoka, yeye akazunguka nyumba kwa nyumba. Alikuja mpaka kwangu, kwenye magunia yangu ya mkaa, kana kwamba mimi ni mtu wa kubembelezwa. "Twende wengi," alisema. "Tukienda wachache watasema ni yale yale maneno ya Futi. Mwanangu atazalia wapi?"

Tukaenda wengi. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mlangoni karani wa baraza alikuwa na meza, kalamu, kidau cha wino na karatasi ya mahudhurio. Futi alisaini wa kwanza, kwa ule mwandiko wake mzuri. Mlinzi mmoja mstaafu, jirani yetu, aligoma.

"Mimi siweki sahihi kwenye kitu sijakisoma," alisema.

"Baba, ni mahudhurio tu," Futi akamwambia. "Usipoandika jina watasema hukuja."

Mzee akasaini. Wasiojua kuandika, Futi aliwashika dole gumba mmoja mmoja akawachovya kwenye wino. Mimi kalamu naijua, lakini foleni ilikuwa ndefu, nikabandika dole. Lilikuwa na mkaa, likachafua mistari mitatu. Karani akaguna.

Diwani alikuja na michoro ya rangi. Bustani ina mabenchi, taa, na katikati chemchemi ya kurusha maji. Mwanamke mmoja akauliza, "Bomba linatoka Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine hiyo chemchemi itarusha nini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha Futi akasimama, akasema habari ya chumba, bila kutukana mtu, na mimi nikaona fahari ambayo sikumwonyesha. Alipomaliza aliomba anayeitaka bustani anyooshe mkono. Hakunyoosha hata mmoja. Diwani akatabasamu, akasema, "Maoni yenu yamepokelewa."

Tukapiga makofi. Nikiyakumbuka yale makofi natamani kujizaba vibao.

Wiki sita baadaye lori lilimwaga mchanga mkabala na zahanati, na mafundi wakaanza kuchimba duara la chemchemi. Tukaenda ofisini wanawake watano, Futi mbele. Karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili akatusomea: wananchi mia mbili na kumi na wawili walishirikishwa na wakaridhia mradi, orodha imeambatishwa. Akaigeuza tuione. Namba moja lilikuwa jina la wifi yangu. Chini zaidi dole langu jeusi, huwezi kulikosea.

"Lakini tulikataa," Futi akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Mama, nilikuwepo," karani akajibu. "Ila hii karatasi haina sehemu ya kukataa. Ina sehemu ya kusaini."



Mtaa ulihitaji wa kumlaumu, na diwani alikuwa mbali, ana gari na vioo vyeusi. Futi alikuwa karibu. Yule mlinzi mstaafu akaacha kumsalimia. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Wakasema amekula na diwani. Kama alikula, alikula hewa, maana sufuria zake nazijua, na ni mimi niliyekuwa nampelekea mkaa akasema atalipa mwezi ujao. Nilikasirika na watu wale kuliko nilivyokasirika na diwani, na hasira hiyo bado ninayo.

Mimba ilipofika miezi saba, likabandikwa tangazo la pili. Baraza linakusudia kufunga chumba cha kujifungulia na kuhamishia huduma hospitali ya mkoa, mwendo wa saa mbili kwa gari. Sababu zilitajwa: bati linavuja, bomba halina maji, kitanda kimoja ni kibovu. Yalikuwa maneno ya Futi, moja baada ya jingine. Walikuwa wakimsikiliza kumbe.

Alizunguka tena nyumba kwa nyumba. Safari hii walimfungia milango. "Hatusaini tena," walimwambia, na waliosema kwa upole walikuwa wachache. Siku ya mkutano tulikwenda wawili, mimi na yeye. Karani akasogeza karatasi. Futi akaweka mikono nyuma. "Nimekuja kusema," alisema, "sikuja kusaini." Nami nikaficha dole langu.

Alisema nusu saa nzima mbele ya mabenchi matupu. Alimtaja binti yake, alitaja ile saa mbili ya barabara, akauliza mwanamke mwenye uchungu atakodi gari kwa nani. Diwani alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu. Hakumkatiza.

Wiki mbili baadaye mlango wa chumba ulikuwa na kufuli na barua. Barua ilisema: wananchi walialikwa kutoa maoni. Hakuna mwananchi aliyehudhuria. Futi aliisoma, akanigeukia.

"Wifi, si ulinisikia?"

"Nilikusikia," nikasema. Nikalia pale pale, mbele ya watu wanaonijua kwa ukali.

Futi akapanga chumba karibu na hospitali ya mkoa, yeye na binti yake, mwezi mmoja kabla ya binti kujifungua. Asubuhi ya kuhama, mlinzi mstaafu alitoka kwake, akashika upande mmoja wa cherehani, wakaipandisha kwenye gari la mizigo. Aibu ilimjaa usoni. Akauliza, "Futi, utarudi lini?"

"Nirudi wapi, baba?" wifi yangu akasema. "Wameandika kwamba huku sipo."

Akampandisha binti yake mbele, taratibu, kisha naye akapanda.