Kilemba cha Mulubhai

Siku ardhi ya Kutch ilipotetemeka na nyumba za kijiji kizima zikaporomoka, Mulubhai Barot alikimbilia ndani mara moja tu, na alichotoka nacho mikononi kilikuwa kitabu. Mkewe, Jethiben, alitoka mwenyewe kwa miguu yake, kichwa kimejaa vumbi la chokaa. Miaka ishirini na zaidi imepita na bado hajamsamehe. Akitaka kumfunga mdomo mumewe mbele ya wageni husema tu, "Huyu? Huyu ana mke mkubwa, amevaa nyekundu, analala naye kichwani."

Kweli kitabu kilivikwa kitambaa chekundu, kikafungwa kwa kamba, na kililala katika kisanduku juu ya mto wa mzee. Kilikuwa kirefu na chembamba, na ndani yake hamkuwa na hadithi wala dua, mlikuwa na majina. Kazi ya akina Barot ni hiyo tangu mababu: kushika nasaba za koo za wafanyabiashara. Kila baada ya miaka michache Barot huzungukia nyumba za wenyeji wake, akaandika wana waliozaliwa na wake walioolewa, kisha akawasomea kwa kuimba, huyu wa fulani, fulani wa fulani, mpaka kwa babu wa kwanza. Zamani Mulubhai akiingia mahali alipokelewa kwa ngoma, akaketishwa juu ya godoro, akavishwa kilemba. Siku hizi wenyeji wake wako Mumbai na Dubai na ukoo wao wanautafuta kwenye simu. Alikuwa hajavishwa kilemba kwa miaka kumi na tisa, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti lake bovu.

Alirithi sheria mbili pamoja na kitabu. Ya kwanza, Barot haandiki wala hatamki jina la uongo. Ya pili, kitabu hakifunguliwi kwa mtu aliyekuja mikono mitupu: lazima nazi, sukari guru, na sahani ya lapsi ya ngano iliyonona samli. Zote mbili alizishika, lakini hii ya pili aliishika kwa ukali zaidi, labda kwa kuwa lapsi inalika.

Asubuhi moja, baada ya habari kuenea kwamba ukoo wa Seth Nenshi, tajiri wa zamani wa biashara ya ng'ambo, unatafuta asili yake, aliyekuja mlangoni hakuwa mtu wa Nenshi. Alikuwa Hurbai, mama wa Kisidi anayeuza karanga mbele ya shule. Wasidi wana mtaa wao ng'ambo ya bwawa, watu weusi walioko pale tangu hakuna anayekumbuka lini, wenye ngoma yao wanayoiita goma.

"Bapu, nasikia kitabu cha Nenshi kiko kwako."

"Kiko kwetu tangu Nenshi mwenyewe yu hai. Kwani wewe umekuwa Nenshi lini?"

"Mimi ni Hurbai, na unanijua vizuri. Karanga zangu umekula za bure miaka mingapi?"

Jethiben akacheka kutoka jikoni. Mulubhai akajifanya hakusikia.

Hurbai akachuchumaa kizingitini. "Mama yangu aliambiwa na mama yake, naye na wake, kwamba sisi tumetokana na mtoto mmoja. Nenshi alimleta siku moja na meno ya tembo. Kulikuwa na jina lake, likapotea njiani, hatujui nani alilisahau. Sasa binti yangu anajifungua mwezi ujao. Nataka nimpe mjukuu jina hilo. Sina shamba, sina dhahabu. Hilo tu ndilo langu, na halipo."

"Kitabu hiki ni cha mabwana. Watu wa uani hawaandikwi."

"Tazama tu, bapu. Likikosekana nitajua limekosekana."

Alimwambia aende zake, angetazama akipata nafasi. Nafasi aliipata hata kabla mama yule hajafika bwawani. Katika ukurasa wa tisa, kwa herufi za babu wa babu yake, ilikuwa imeandikwa kwamba mwaka 1891 wa kalenda ya Vikram, karibu miaka mia mbili iliyopita, Seth Nenshi alirudi kutoka Maskati na meno ya tembo sitini, tende, na roho kumi na moja. Roho kumi ziliuzwa bandarini. Mmoja, msichana wa miaka kama minane, alibakizwa nyumbani amtumikie mke wa Seth, Mankuvar. Jina la msichana, kama alivyolitaja mwenyewe: Mashavu.

Mulubhai alilisoma jina hilo mara mbili. Halikuwa na maana yoyote kwake.

Kesho yake alimkuta Hurbai njiani na karai lake la karanga kichwani. "Limo," alimwambia.

Hurbai alilitua karai chini katikati ya njia. "Lisome. Lisome hapa hapa, bapu."

"Hapa? Mbele ya mbuzi? Jina halisomwi kwa mikono mitupu. Lete nazi na lapsi, nitalisoma kama linavyostahili."

"Samli sina leo. Wallahi nitaleta. Niambie tu."

"Sheria ni sheria."

"Basi linaanzaje? Mwanzo wake tu, nikalale nao."

Mzee akaona huruma, au akaona raha ya kuombwa, maana ilikuwa zamani mno tangu mtu amwombe kitu kwa namna ile. "Ma," alisema. "Linaanza na Ma."

"Ma," alisema Hurbai. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi nitakuja na mtoto mwenyewe, asikie kwa masikio yake. Mwezi ujao." Akaondoka akilirudia njia nzima, Ma, Ma, utadhani yeye ndiye mtoto.

Wiki mbili baadaye gari jeupe lilisimama mlangoni. Akashuka Kiritbhai, mjukuu wa wajukuu wa Nenshi, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliinama akagusa miguu ya Mulubhai. Alikuja na nazi tatu, sukari guru, na lapsi katika bakuli la fedha. Alikuwa anaandika habari za babu yake: ukoo wake, biashara yake, alivyoanza na mtumbwi wa kuazima akamaliza na jumba la ghorofa tatu. Kungekuwa na karamu mjini Bhuj na sanamu ya kuzinduliwa.

Kitabu kikafunguliwa. Mulubhai akaimba. Kiritbhai alilia aliposikia jina la marehemu baba yake, likifuatiwa na la babu yake, yakipanda hivyo ngazi kwa ngazi. Walipofika kwa Nenshi mwenyewe mzee hakupunguza sauti wala hakuruka. Aliimba meno ya tembo, akaimba tende, akaimba roho kumi na moja.

"Rudia hapo," alisema Kiritbhai.

Akarudia.

"Bapu, si mwandishi alikosea? Labda walikuwa ng'ombe."

"Ng'ombe haandikwi jina."

Kiritbhai alizungusha pete kidoleni. Hakugomba wala hakutisha, na laiti angetisha, maana Mulubhai alikuwa hodari mbele ya vitisho. "Nilitaka wewe ndiye usome siku hiyo," alisema hatimaye. "Watu mia nane. Uketi jukwaani, juu yangu. Nikufunge kilemba kwa mikono yangu mwenyewe, waone wote Barot ni nani. Lakini wanangu watakuwepo, na wajukuu, na kitabu kitapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Na huu ukiwemo, nitashindwa."

"Siandiki uongo, Kiritbhai."

"Nani kakwambia uandike? Sikutaki uandike hata nukta. Nasema tu karatasi kuukuu. Mchwa hawali?"

Hapo ndipo alipovishwa kilemba cha ukoka, kabla hata ya kile cha nguo. Alikaa akiwaza watu mia nane. Halafu akaomba wembe wa kunyolea, akaukata ukurasa wa tisa mwenyewe, taratibu. Karatasi yenye majina haichomwi moto; hupewa maji. Aliipeleka bwawani mchana ule ule, akaiweka juu ya maji kwa heshima zote, akasimama mpaka wino ulipotoka na karatasi ikazama.

Jethiben alikuwa anamsubiri. "Na Hurbai?"

"Jina ninalo kichwani."

"Liandike basi mahali, Baba Naresh. Hata nyuma ya kalenda."

"Nina vizazi kumi na vinne vya ukoo wa Nenshi kichwani, na vya koo nyingine ishirini. Nitashindwa na jina moja la mjakazi? Barot haandiki nyuma ya kalenda."

Karamu ilikuwa kubwa kuliko alivyoiota. Kiritbhai alimfunga kilemba chekundu chenye uzi wa dhahabu, kamera zikawaka, na kwa muda Mulubhai alikuwa na miaka thelathini tena. Alianza kuimba. Kizazi cha tatu, watu wa nyuma walianza kuangalia simu. Kizazi cha tano, harufu ya chakula ikaingia ukumbini, viti vikaanza kukwaruza sakafu. Kizazi cha sita, msema chochote wa shughuli alimjia na kipaza sauti chake, akasema, "Tumshukuru sana mzee wetu! Makofi!" na muziki ukafunguliwa. Kitabu hakuna aliyekipiga picha. Nenshi wa shaba akazinduliwa, chini yake imeandikwa mfanyabiashara wa pembe na tende, baba wa maskini.

Mulubhai alikula kwenye kona. Alipokuwa anatoka, kijana mmoja alimkimbilia mlangoni. "Bapu, kilemba."

"Kilemba gani?"

"Hicho. Cha kukodi, cha duka la harusi. Kinarudishwa leo."

Alikivua mwenyewe. Dereva alimshusha njia panda, kwa kuwa barabara ya kijijini ingeharibu gari, akatembea na goti lake lile.

Siku ya tisa baada ya hapo Hurbai alikuja. Alivaa nguo zake za Idi. Nyuma yake alikuja binti yake, bado anatembea kwa uangalifu wa mzazi, na kitoto cha kike kifuani, siku kumi na mbili, chenye mashavu ya kujaa mkono. Nazi ilikuwepo. Sukari guru ilikuwepo. Lapsi ilielea samli. Ukimtazama Hurbai ulijua samli ile imetoka wapi, maana bangili yake ya fedha haikuwepo mkononi.

"Nimekuja, bapu. Sikuja mikono mitupu."

Mulubhai alitandika mkeka, akawasha ubani, akagusisha kitabu kwenye paji la uso. Akafungua. Ukurasa wa nane, ukurasa wa kumi. Katikati ulibaki mkia mwembamba wa karatasi pale wembe ulipopita. Akaweka kidole juu yake ili wasiuone, akafumba macho kama aimbaye.

Ma.

Alilitafuta. Nenshi alikuja, na mwana wa Nenshi, na wana saba wa huyo mwana, wote kwa mpangilio, hakuna aliyekosa. Majina ya farasi wao yalikuja. Lakini baada ya Ma hakukuwa na kitu. Aliirudia tena na tena moyoni, na kila mara lililotoka ni lile lile moja alilokuwa ameliimba maisha yake yote.

"Bapu?" alisema Hurbai. "Limefutika?"

Angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo na angekuwa mzee aliyesahau, basi. Lakini mama yule alikuwa ameinua uso, na sahani ya lapsi ilikuwa mbele yao ikipoa, na Mulubhai Barot hakuwa tayari mtu aseme kitabu chake kina tundu.

"Mankuvar," aliimba.

Mlangoni, birika la udongo la chai lilimponyoka Jethiben.

"Mankuvar," alisema Hurbai polepole, akilionja. "Jina la kwao huku. Bila shaka walimbadilisha, maskini. Lakini ndilo walilomwita, na ndilo aliloitikia." Akamchukua mtoto, akamnong'oneza sikioni mara tatu, Mankuvar, Mankuvar, Mankuvar, na kilio kikamshinda, akacheka na kulia pamoja. Kisha akasema, "Bapu, kwa huruma yako. Mwandike. Wa kwanza wetu kuandikwa."

Akachovya kalamu. Akaandika.

Walipoondoka Jethiben hakuinama kuokota vigae. "Mankuvar si yule mke wa Nenshi?" aliuliza. "Si ndiye aliyemmiliki yule mtoto?"

"Nyamaza."

"Umempa jina la bibi yake. Baba Naresh, umemrudisha tena uani."

"Nimesema nyamaza!" Lakini lapsi hakuila, na siku ile Jethiben aliimwagia kuku.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, mzee alikuwa uani anasugua meno kwa kijiti cha mwarobaini, haongei na mtu, hawazi kitu, jina likaja. Lilikuja lote, na herufi za babu wa babu yake, na jinsi wino ulivyokuwa umekolea mwanzoni. Mashavu. Alitema, akatupa kijiti, hakuvaa hata viatu. Alizunguka bwawa lote kwa goti lile bovu, akilirudia kwa sauti lisimkimbie, Mashavu, Mashavu, mpaka mlango wa Hurbai.

Mtoto alikuwa nje, anafukuza kuku kwa ufagio. Hurbai aliinua kichwa juu ya karanga zake, uso ukamng'aa kumwona mgeni. Aliita kwa sauti ya majivuno, majirani wote wasikie.

"Mankuvar! Mankuvar wangu! Njoo umguse bapu miguu. Huyu ndiye aliyekupa jina lako."

Mtoto akaja mbio, akainama, akamgusa miguu iliyojaa matope. Mulubhai aliweka mkono juu ya kichwa chake. Alisema alikuwa anapita tu, akaomba karanga kidogo, akarudi nyumbani.