Mota ya Roboti ya Severa

Severa alikuwa fundi redio Mtaa wa Msimbazi, mpaka redio mpya za bei ya chee zilipojaa Kariakoo na wateja wakapotea. Akashirikiana na jirani yake Vivek kuunda roboti ya mashindano, maana mshindi aliahidiwa kazi kiwandani. Ilitakiwa kurusha visahani vya plastiki kwa gurudumu linalozunguka kasi. Visahani viliteleza, basi Severa akalivisha gurudumu mpira wa baiskeli; vikaruka vizuri.

Mbele ya waamuzi, kisahani cha kwanza kilifika mbali. Cha pili kikabanwa na ule mpira, mota ikaelemewa, ikafuka moshi.

"Tunayo nyingine?" Vivek aliuliza.

"Hatuna."

Waamuzi wakaita timu iliyofuata. Severa alirudi kuketi kwenye kibanda chake cha ufundi, kati ya redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.