Matundu Mawili kwenye Kadi ya Hemedi

Pale Ubundu, ukiuliza mafuta mazuri ya mawese yanauzwa wapi, ulionyeshwa mtu, si nyumba. Mama Fatouma aliuza mafuta karibu na stesheni ya treni tangu alipoolewa. Hakupandisha bei, hakupunguza bei, na mteja aliyeanza kubishana naye alijikuta ameshabeba chupa yake huku akimwomba radhi. Wafanyakazi wa reli walimpenda na kumwogopa. Kwa maoni yangu walimwogopa zaidi, na yeye aliliona jambo hilo kuwa la haki kabisa.

Mwaka wa hamsini na saba, mvua zilipopungua kidogo, alimwachia jirani biashara yake, akapanda treni kwenda Kisangani. Hakwenda kutembea. Alikwenda kumchukua binti yake Madina, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Kwao, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Madina alikuwa ametuma neno kupitia msafiri mmoja kwamba angependa kuzalia hospitali ya mjini, karibu na mumewe. Mama Fatouma alilisikia neno hilo, akamshukuru msafiri, akaanza kufunga mizigo.

Tena alikuwa na sababu kubwa kuliko desturi. Kabla ya Madina alizaa binti mwingine, Mwadjuma. Huyo naye alirudi nyumbani kuzaa mtoto wake wa kwanza, na uchungu ukamshika vibaya. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba mchana kutwa, ana mtumbwi, ana wapiga makasia, angeweza kumfikisha mgonjwa kwa mganga wa serikali. Lakini mama mkwe alikuwa ndani, na kwa watu wa kwao mkwe hamkaribii mama wa mkewe. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina, na kila neno hupitia kwa mtu wa tatu. Mume alisubiri aitwe. Mama naye, ambaye hakuweza kumwita, alimtafuta mtu wa kupeleka neno, na mtu huyo alikuwa mtoni. Walitenganishwa na ukuta wa udongo tu. Mtu wa tatu alipopatikana, Mwadjuma alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake pia.

Msibani watu walimsifu yule mkwe kwa adabu zake. Mama Fatouma naye alimsifu, kwa mdomo. Moyoni alitoka na jambo moja tu, kwamba wakwe si watu wa kutegemewa siku ya shida. Kwa hiyo Madina angezalia Ubundu, mikononi mwake, na safari hii alikuwa amekwisha kusema na mwuguzi na mwenye lori. Mkwe angebaki Kisangani na kazi yake.

Mkwe mwenyewe aliitwa Hemedi, fundi seremala, mkazi wa mtaa wa Kabondo, kijana mrefu anayeinama mlangoni hata pasipo sababu. Siku mama alipofika, alimsalimu akiwa amechuchumaa nyuma ya pazia, akamwekea zawadi ya kitambaa chini sakafuni, akarudi kinyumenyume mpaka uani. Mama Fatouma aliridhika. Hakuona kosa lolote kwake, na hilo halikumpunguzia hata chembe nia ya kuondoka na binti.

Hemedi alijua kilichomleta mama, na hakuwa na njia ya kumbembeleza. Utambembelezaje mtu usiyeweza kusema naye? Akafikiri kwamba akiuona mji, barabara zake, taa zake, hospitali yake, huenda moyo ukalegea. Akanunua kadi ya basi. Ilikuwa karatasi ngumu yenye jina lake, na kila safari kondakta aliitoboa tundu moja kwa kikoleo. Mwenye kadi aliweza kuwalipia watu wake pia, kila kichwa tundu lake. Hemedi aliona ni heshima kubwa kumzungusha mama mkwe mjini bila yeye kufungua fundo la kanga.

Jumapili asubuhi wakatoka. Mpango wa Hemedi ulikuwa mzuri sana. Kadi angempa Madina, wanawake wangepanda basi, na yeye angefuata nyuma kwa baiskeli, mbali kama adabu inavyotaka. Kondakta akaisoma kadi, akamtazama Madina, akauliza Hemedi ndiye nani. Alipoonyeshwa kijana aliyekuwa akishika baiskeli ng'ambo ya barabara na kutazama mti, alieleza kwa upole kwamba kadi ni ya mwenyewe. Akitaka kuwalipia watu wake, apande nao basi hilo hilo. Basi zima likamsubiri Hemedi akabidhi baiskeli kwa muuza maandazi.

Alipanda kwa mlango wa nyuma, na mama alikaa mbele. Madina akawekwa katikati, tumbo lake na yeye, kama mkalimani wa mahakama. Walipofika kwenye maduka makubwa Hemedi alimwambia mkewe amwambie mama kwamba ile ni posta. Mama alikuwa amesikia vizuri kabisa, lakini alingoja Madina arudie, kisha akamwambia amwambie kwamba ameiona. Hivyo hivyo wakaliona kanisa kubwa la ukingoni mwa mto, na bandari yenye meli. Wakaiona na hospitali, ambayo Hemedi aliisifu mpaka abiria mmoja akamuuliza kama ni yeye aliyeijenga. Mama Fatouma alitazama madirisha yake, akasema amwambie kuwa ni nyumba safi.

Karibu na soko miguu ya Madina ikavimba. Akaketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akavua viatu, akasema hasogei tena, waende wenyewe wakayaone maporomoko ya Tshopo, watamkuta pale. Wawili wale wakabaki wamesimama kila mmoja upande wake. Mama Fatouma angeweza kukataa. Lakini hakuwa mwanamke wa kurudi nusu ya njia, na maporomoko alitaka kuyaona.

Hemedi aliuambia mlingoti wa taa kwamba basi la Tshopo husimama hapo. Mama akauambia mkoba wake kwamba ni vizuri. Basi lilipofika, yeye alipanda kwa mlango wa mbele, akakaa dirishani kama aliyezaliwa humo. Hemedi alipanda nyuma, akatobolewa matundu mawili, akasongwa na watu waliokuwa wanatoka kanisani.

Vituo viwili vitatu mbele akapanda kontrolea, mkaguzi wa kadi. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, kule mto unakoteremkia, jina lake Sébastien, kofia yake ya kasketi imenyooka, Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani. Alikagua kiti kwa kiti mpaka akamfikia Mama Fatouma.

"Mama, kadi yako iko wapi?"

"Bamenilipia."

"Nani?"

"Mukwe yangu."

"Jina yake ni nani?"

Mama Fatouma akamtazama kwa huruma, jinsi alivyowatazama wanunuzi waliodhani mafuta yanachujwa kwa siku moja. Akamwuliza taratibu: "Papa, kwenu mutu anatajaka jina ya mukwe yake?"

Watu wakacheka kidogo. Sébastien hakucheka, wala hakukasirika. Alieleza kwamba kila siku watu huingia mbele na kusema wamelipiwa nyuma, na yeye ndiye anayeulizwa jioni. Kondakta alikumbuka kutoboa matundu mawili kwenye kadi moja, lakini hakumwona mtu wa pili. Basi mama alipe, au ashuke. Abiria mmoja akamnong'oneza alipe yaishe.

Fedha alikuwa nazo, na za kutosha. Lakini kulipa kungekuwa kutangaza mbele ya mji mzima kwamba mkwe wake amemleta matembezini akamwacha ajilipie. Hangemvunjia hivyo heshima hata mkwe ambaye yeye mwenyewe alikusudia kumtenganisha na mkewe. Akakunja mikono. Dereva akasimamisha basi kando ya barabara.

Neno likatoka nyuma, mdomo kwa mdomo, kwamba mama yule ana mtu wake. Sébastien akasema maneno ya kupokezana hayamsaidii. Mwenye kadi aje mwenyewe hapa mbele, na ataje jina la mama huyu, ndipo atajua kweli ni mtu wake.

Wengi mle ndani walikuwa watu wa mto wa huku juu, walijua kinachoombwa. Mama Fatouma hakugeuka. Alijua Hemedi yupo nyuma yake, na alijua atakachofanya. Atashuka kwa mlango wa nyuma, akae chini ya mti, atafute mtu wa kumsemea, na jioni watu watamsifu. Alimwona kabisa akiwa chini ya mti huo. Halafu aliyemwona hakuwa Hemedi tena. Alikuwa yule mwingine, amesimama nyuma ya ukuta wa udongo, anasubiri aitwe.

Ndipo akasikia vikapu vinasogezwa na watu wanaombwa njia. Hemedi alikuja, anainama ingawa dari ya basi ilikuwa juu, akapita katikati ya watu mpaka kwenye kiti cha mama, akasimama mbele yake, uso kwa uso. Jasho lilimtoka. Akatoa kadi.

"Ni miye nilimulipia," akasema. "Iko mama ya muke yangu. Jina yake Fatouma."

Mwanamke mmoja mzee alijifunika uso kwa ukingo wa kitambaa, kwa niaba yao wote. Sébastien aliisoma kadi, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi aliyoianza, akamgeukia mama.

"Na yeye, jina yake?"

Mama Fatouma aliinua macho. Kwa mara ya kwanza akamwona vizuri mtu aliyemwoa binti yake. Ana kovu dogo juu ya jicho, na anaogopa sana, na hajakimbia.

"Hemedi," akasema. Sauti yake ilifika mpaka kwa dereva.

Sébastien akarudisha kadi, akagusa kasketi, akaendelea na viti vingine. Dereva akaondoa basi kwa kishindo, na Hemedi, ambaye hakuwa ameshika kitu, akaanguka kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando ya mama mkwe wake. Wakaenda hivyo mpaka Tshopo, mabega yanagusana kila kwenye shimo, wote wawili wanatazama shingo ya dereva.

Kwenye maporomoko Hemedi alibaki nyuma, amekunja kofia yake mikononi. Akasema, safari hii bila mlingoti wa kusemea, kwamba anajua amekosa. Alitaka mama amwambie faini yake, mbuzi au chochote, naye atalipa. Mama alikuwa anayatazama maji yanavyoanguka, na daraja, na nyumba ya mitambo ya umeme. Alimwambia kuhusu mbuzi watasema baadaye. Kwanza asogee hapa, amweleze maji haya yanawashaje taa, maana kelele ni nyingi na hasikii mtu akisemea kwa mbali.

Hemedi akasogea. Alieleza vibaya mwanzoni, kisha vizuri, kisha akanogewa akaanza kuchora hewani kwa mikono yote miwili. Mama aliuliza maswali yake yote, na mengine hayakuwa ya umeme. Aliuliza kutoka Kabondo hadi hospitali ni mwendo gani, gari hupatikana wapi uchungu ukianza ghafla, na wauguzi wakimzuia mlangoni atafanya nini. Hemedi alijibu kwamba ataingia.

Waliporudi sokoni, Madina aliwaona kwa mbali wakija bega kwa bega, akainuka bila viatu. Alidhani kuna mtu amekufa. Tangu jana mzigo wake wa Ubundu ulikuwa umefungwa, kwa kuwa hakuwahi kumshinda mama yake kwa neno lolote, na hakutarajia kuanza sasa.

Mama Fatouma akaketi kibarazani, akapumua. Akamwambia binti yake akifika nyumbani afungue ule mzigo. Yeye atarudi Ubundu peke yake kuangalia mafuta, na siku zikikaribia atakuja tena, amngojee mjukuu wake hapa hapa. Madina akauliza kwa woga Hemedi amefanya nini.

"Aliita jina yangu mbele ya batu," akasema mama. "Na miye nikaita yake."

Madina akaziba mdomo kwa mkono. Mama akautoa mkono ule taratibu, akaushika.

"Tungefanya vile siku ile," akasema, "Mwadjuma angekuwa na mutoto wa kwenda masomo."

Wakalia wote wawili, mchana kweupe, watu wa sokoni wanapita. Hemedi alikuwa amekwisha geukia ukuta kwa mazoea. Mama Fatouma akajifuta macho, akamwita tena kwa jina lake, akamwambia aje akae.