Mada Niliyoiruka

Kosa langu la kwanza kama mwalimu wa chuo nililifanya kwa makusudi. Naikumbuka Jumamosi ile: mtihani ulikuwa karibu, na kozi yangu ya menejimenti ya biashara ilibakiza mada moja, uendelevu, yaani kufanya biashara bila kuharibu ardhi, maji na watu unaoishi nao. Mada hiyo sikuwahi kufundishwa na mtu. Nilijisomea mwenyewe, nikajaza madaftari matatu, na bado niliogopa kuulizwa swali nisilolijua. Basi nikaliambia darasa, "Hii haitoki kwenye mtihani," nikafunga kompyuta.

Nakuambia wewe, mdogo wangu unayeanza kufundisha mwaka huu, maana najua na wewe unatetemeka.

Mama Rukia alinyoosha mkono. Ni mwanafunzi wa umri wa mama yangu, ana karakana ya batiki Manzese.

"Mwalimu, mie maji ya rangi namwaga mtaroni. Majirani wamenishtaki. Mwenyekiti wa mtaa kanipa mwezi mmoja, nisipopata njia nafunga. Nifanyeje?"

"Mama, nimesema haitoki."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu, unaogopa nini? Kama hujui, si useme hujui? Kwani tutakumeza?"

Wiki nzima sikula vizuri. Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele yao nikasema sijui, twendeni tukaone. Wanafunzi wanane wakanifuata Manzese.

Tuliuliza maswali ya kawaida ya menejimenti. Kwa nini kila rangi ichanganywe kwenye maji mapya? Nani aliamua hivyo? Hakuna aliyekumbuka. Binti mmoja anayechovya vitambaa pale akasema maji ya beseni la rangi ya njano yanaweza kutumika tena kwa rangi ya chungwa, kisha kahawia, ndipo yamwagwe. Alilijua hilo siku zote, hakuna aliyemuuliza. Maji machafu yakapungua, yaliyobaki yakaachwa yatuame kwenye mapipa. Mwenyekiti akaja, akachungulia, akamwachia mama aendelee. Tope la rangi linalobaki chini ya mapipa bado hatujui tulipeleke wapi, sitakudanganya. Lakini karakana haikufungwa.

Mkuu wangu wa idara akaniita. "Kijana, umeajiriwa kufundisha menejimenti, si mitaro."

Nikamjibu, "Mzee, mtaro huo ungemfungia mama wa watu biashara. Kama hilo si la menejimenti, ni la nani?"

Akasema nitajifunza adabu. Kama adabu ni kunyamaza, sijajifunza hadi leo, na sikusudii.

Sasa nisikilize. Watakuambia uendelevu ni pambo la ripoti, ni mambo ya wafadhili, kwamba vijana wafundishwe faida kwanza na mengine yatafuata. Kataa. Kataa hata ukiwa peke yako kikaoni, hata sauti ikikukwama. Anayefundishwa kutafuta wateja afundishwe pia kuuliza anamwaga nini, na kwenye mlango wa nani. Wala usisubiri uwe umekamilika, maana mimi nilisubiri, na mama mmoja nusura apoteze kazi ya maisha yake.

Mungu akupe ulimi wa kusema hujui, na wanafunzi wasiokuonea haya.

Siku hizi mada hii naifundisha wiki ya pili, na swali lake kwenye mtihani ni la lazima.